Saini Kumi na Sita za Mama Dunia

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Dunia kwa wanachuo, kwa wakufunzi wenzake, hata kwa fundi bomba aliyekuja mara moja tu kuziba bomba la choo cha walimu. Yule fundi aliambiwa akachukue ufunguo kwa Mama Dunia, akaenda moja kwa moja, wala hakuuliza kwa nini mtu anaitwa hivyo.

Jina hilo alilipata kwa ukali wake. Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la Historia ya Dunia, alimwita mwanachuo mmoja mbele, akamkabidhi chaki, akamwambia, "Nichoree dunia." Bila kitabu, bila simu. Masikini ya Mungu huyo angechora kitu kama kiazi kilichong'atwa na panya, na Mama Dunia angekisogelea ubaoni akainamisha kichwa kama daktari anayetazama kidonda.

"Hapa ndipo unapoishi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tukupe pole. Ndugu zako wote umewazamisha baharini."

Darasa zima lingecheka mpaka madawati yagongane. Wapo waliokwenda kulia chooni. Mama Dunia alisema aibu hufundisha haraka kuliko kitabu, na ushahidi alikuwa nao, maana waliochekwa siku hiyo hawakuisahau ramani mpaka wanazeeka. Usidhani basi kwamba nakusimulia habari za mwana-kondoo. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi wa kunyolea nywele. Lakini somo lake alilipenda mapenzi ya kweli, na alilifundisha vizuri kuliko mtu yeyote pale chuoni alivyofundisha la kwake. Hilo hata maadui zake walilikubali.

Kilikuwa chuo cha ualimu, kile cha kawaida: majengo marefu ya bati, vibaraza vyenye nguzo zilizomenyeka rangi, karakana nyuma, bustani ya kilimo kando ya uzio. Alikuwa amefundisha hapo miaka ishirini na sita, na alibakiza minne astaafu. Ndipo ikaja barua kwamba kozi ya miaka mitatu sasa itakuwa ya miaka miwili. Nguo ikishakatwa fupi, lazima kitu kibaki nje. Kila somo lilitakiwa lijitetee mbele ya kamati ya mtaala, na mkufunzi ambaye somo lake lingefutwa angepelekwa masijala kupanga mafaili.

Mama Dunia aliijua masijala. Ilikuwa chumba cha mwisho kwenye kibaraza, dirisha moja, rafu za chuma, na harufu ya karatasi zilizonyeshewa. Aliyekuwa akifundisha Maarifa ya Nyumbani alipelekwa huko somo lake lilipofutwa, na baada ya mwaka mmoja watu walikuwa wakimpita bila salamu. Kwa hiyo barua ile ilimnyima hamu ya kula.

Mratibu wa taaluma ndiye aliyemwita ofisini. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alisimama mlangoni kumpokea, akamvutia kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mmenoa visu."

Mratibu akacheka. "Mimi niko upande wako. Lakini unajua kamati zetu, hazitaki maneno, zinataka karatasi. Nionyeshe kwamba Historia ya Dunia inagusa kila somo hapa chuoni. Masomo mengine yote kumi na sita. Ukiniletea hilo, nani atakugusa?"

Mama Dunia alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Jumamosi nzima alikaa kwenye meza ya kulia chakula na rula na kalamu za rangi mbili, anachora jedwali. Hesabu: safari ya sifuri, kutoka India, kupitia kwa wataalamu wa Kiarabu, mpaka Ulaya, ambako mji mmoja ulizipiga marufuku tarakimu zilizokuja nayo kwenye vitabu vya biashara. Kilimo: mahindi, yaliyotoka Amerika na kuingia katika kila shamba la dunia mpaka watu wakadhani yaliota na babu zao. Sayansi: yule daktari wa Ulaya aliyewaambia madaktari wenzake wanawe mikono, wakamwona mwendawazimu. Muziki, ushoni, michezo, useremala, vyote alivipatia chake. Alipofika la kumi na sita alikuwa anajichekea mwenyewe. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu mwanawe wa mwisho aoe.

Kilichobaki kilikuwa saini. Kamati ilitaka kila mkufunzi athibitishe safu yake. Jumatatu asubuhi Mama Dunia akaanza na mkufunzi wa hesabu, mzee mwembamba ambaye wote walimwita Bwana Jawabu, kwa kuwa hakuwahi kukubali kwamba kuna jambo asilo na jawabu lake. Bwana Jawabu aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Umeandika kwamba kipengele hiki cha hesabu kinategemea Historia ya Dunia."

"Ndiyo."

"Yaani nitie saini kwamba mimi, miaka yote hii, siwezi kufundisha hesabu mpaka wewe unishike mkono?"

"Sikusema hivyo, Mwalimu."

"Karatasi imesema. Andika kwamba kipengele cha sifuri nakifundisha mwenyewe ndani ya somo langu, nitie saini sasa hivi. Kalamu ninayo."

Mama Dunia akamtazama. "Unakifundisha?"

"Nitakifundisha," akasema Bwana Jawabu, na wote wawili wakacheka, maana kila mmoja alijua mwenzake ni mwongo kiasi gani.

Hapo ndipo alipojipalia makaa, na alijipalia kwa unadhifu tu. Angeweza kumbadilishia Bwana Jawabu safu yake moja na kuziacha nyingine kumi na tano. Lakini mtu aliyezoea kusahihisha insha hawezi kuona safu moja inasema hivi na nyingine zinasema vile. Jedwali lenye kauli mbili lilimkera kama picha iliyopinda ukutani. Akarudi nyumbani, akaliandika upya lote kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo, na kwenye kila safu akaandika maneno yale yale: kipengele hiki kinafundishwa na mkufunzi wa somo husika. Likapendeza. Watu walitia saini bila kubishana, kwa kuwa nani atakataa kusifiwa kwa kazi asiyoifanya? Mkufunzi wa michezo alisaini akiwa uwanjani, karatasi juu ya paja, filimbi mdomoni. Yule wa muziki hakusoma hata neno.

Mumewe, seremala mstaafu, mtu wa maneno machache, aliliona jedwali mezani akiwa anatafuta mahali pa kuweka kikombe chake cha chai. Alilisoma taratibu, kidole kikitembea juu ya mistari.

"Mama watoto," akasema, "mimi mambo yenu siyajui. Lakini mtu akija karakana na karatasi ya mafundi kumi na sita, kila mmoja amesaini kwamba anatengeneza meza, mimi mtengeneza meza nitaulizwa nafanya nini pale."

"Historia si meza," mkewe akamjibu bila kuinua kichwa. "Ungekuwa unaelewa tofauti, usingeishia kwenye randa."

Mzee alichukua kikombe chake akaenda kukaa nje kwenye ngazi, na chai ikampoea mkononi. Mama Dunia alijua amemuumiza. Alijiambia atamwomba radhi kamati ikishapita.

Kamati ilikaa Alhamisi, kwenye ukumbi mdogo wenye meza ndefu na kitambaa cha kijani kilichotobolewa na sigara za enzi zile. Wakufunzi wote walikuwepo. Mkuu wa Chuo alikaa kichwani mwa meza, mtu mnene mwenye usingizi, na Mratibu alisimama ubavuni kwake. Mama Dunia alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Nakala za jedwali zilikuwa mbele ya kila mtu, na yeye ndiye aliyezigawa kwa mkono wake.

Mratibu alilisifia. Alilisifia mpaka watu wakageuka kumtazama mwenye kazi. Alisoma safu moja baada ya nyingine kwa sauti ya kutangaza washindi: sifuri, kwa Bwana Jawabu; mahindi, kwa mkufunzi wa kilimo; kunawa mikono, kwa mkufunzi wa sayansi. "Katika miaka yangu yote hapa," akasema, "sijawahi kupokea karatasi iliyoandaliwa kwa ustadi hivi. Tumpigie makofi Mama." Wakapiga. Mama Dunia akasimama, akainama kidogo, akakaa, uso unawaka kwa fahari.

"Kwa hiyo, waheshimiwa," Mratibu akaendelea kwa sauti ile ile, "tumethibitishiwa na mwenye somo mwenyewe kwamba Historia ya Dunia tayari inafundishwa hapa na watu kumi na sita. Sioni tunamwekea vipindi mtu wa kumi na saba kwa kazi gani. Napendekeza somo lifutwe kwenye ratiba, na vipindi vyake kumi na viwili vigawiwe masomo mengine."

Ilichukua muda ukumbi kuelewa. Kisha ukaelewa, na kule kutajwa kwa vipindi kumi na viwili kukapita mezani kama sahani ya nyama. Mama Dunia aliwaona wakipiga hesabu vichwani. Mkufunzi wa ushoni alikuwa akilia kila muhula kwamba vipindi havimtoshi. Wa kilimo vivyo hivyo.

"Lakini hawafundishi!" akasema Mama Dunia.

Mkuu wa Chuo akafumbua macho. "Nani hafundishi? Kuna mtu hapa alisaini asichokifanya?"

Watu kumi na sita walinyamaza. Bwana Jawabu alikuwa anakagua dari kana kwamba kuna mtihani umeandikwa kule. Mkufunzi wa michezo alikuna goti. Kila mmoja alijua kwamba akifungua mdomo atakuwa anajishitaki mwenyewe kwa uongo mbele ya mkuu wake, na hakuna mtu aliyempenda Mama Dunia kiasi hicho. Alikuwa amewacheka wengi wao kwa miaka mingi.

"Mama," Mratibu akauliza kwa upole, "huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Na maneno haya ni ya nani?"

Alitaka kusema ni ya Bwana Jawabu. Yalikuwa ya Bwana Jawabu kwenye safu moja. Zile kumi na tano zilikuwa zake. "Yangu," akasema.

Mkuu wa Chuo, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alitaka kwenda kula, alimtupia mfupa. Utaratibu huo ungejaribiwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka Mratibu angeandika ripoti. Ikionekana kuna pengo, kwamba wanachuo hawapati historia yao, somo lingerudishwa na mwenyewe angerudi darasani. Kwa sasa aende masijala.

Kikao kilipoisha alimfuata Mratibu ofisini. Alifunga mlango nyuma yake. "Nilikukosea nini? Nilikucheka? Nilikufelisha? Niambie nijue."

Mratibu alishangaa kwelikweli. "Hapana, Mama! Wewe ndiye mwalimu niliyempenda kuliko wote. Hata kwangu nyumbani nakutaja." Akainua mikono. "Lazima kitu kikatwe. Masomo mengine yangenipa kazi, wenyewe wangepigana. Lako umelifunga vizuri, nikalibeba tu."

Mama Dunia alitafuta chuki usoni mwake, hata kidogo, apate kitu cha kushika. Hakuiona. Angechukiwa ingekuwa afadhali. Alitoka, na akiwa anapita darasa la mwaka wa pili alimsikia kiongozi wa darasa akiwatangazia wenzake kwamba mtihani wa Historia ya Dunia haupo tena. Shangwe iliyolipuka ilisikika mpaka bustanini. Mtu mmoja alipiga dawati kama ngoma, na sauti ikaigiza ya kwake: "Hapa ndipo unapoishi?"

Nyumbani mumewe hakumwambia, "Si nilikwambia?" Alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri. "Mwaka mmoja si mwingi," akasema. "Wewe kaa kimya tu. Waache waharibu. Wataharibu vizuri, na mwisho wa mwaka watakufuata wenyewe." Mkewe akamwomba radhi kwa lile neno la randa. Naye akasema yalishapita, lakini hakuyaruhusu mazungumzo yaendelee.

Lilikuwa shauri zuri, na Mama Dunia alilishika kama mtu anavyoshika dawa chungu. Wiki tatu za muhula mpya alipanga mafaili, akapiga mihuri, akakaa kimya. Wakufunzi walianza kupita. "Mama, ile safari ya mahindi, tuliiandikaje vile?" aliuliza wa kilimo, shingo imeingia mlangoni, mwili umebaki nje. "Ulisaini kwamba unaifundisha," akamjibu. "Kaifundishe." Akasikia raha ya kweli moyoni kumwona anavyoondoka. Alijua kwa hesabu zake kwamba mpaka muhula wa pili wangekuwa wameshavuruga kila kitu.

Wiki ya nne alikuwa anapeleka faili kwa Mkuu wa Chuo. Njia ilipita chini ya dirisha la darasa la hesabu, na dirisha lilikuwa wazi.

"Sifuri," Bwana Jawabu alikuwa anasema, "iligunduliwa na Warumi. Andikeni. Warumi."

Kalamu arobaini zikaanza kuandika. Mama Dunia alisimama. Aliwaza mumewe na shauri lake. Aliwaza kwamba hili ndilo pengo lenyewe, limefunguka mbele yake, na kazi yake ni kupita tu na faili lake. Alihesabu hatua mbili. Kisha akawaza wale arobaini, kila mmoja akienda kwenye shule yake, kila mmoja akiwaambia watoto hamsini kwa mwaka kwamba Warumi, watu ambao hata alama ya sifuri hawakuwa nayo katika tarakimu zao, ndio walioigundua sifuri. Alirudi nyuma, akaupita mlango bila kubisha, akachukua chaki kwenye vidole vya Bwana Jawabu.

"Andika elfu moja mia tisa na nne kwa Kirumi," akamwambia mwanachuo wa mbele. "Halafu unionyeshe sifuri iko wapi."

Dakika kumi zilimtosha. India, Waarabu, Ulaya, mji uliopiga marufuku. Darasa lilicheka pale alipotaka licheke. Bwana Jawabu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono kifuani, akitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepanga mambo yote hayo mwenyewe. Mama Dunia alipotoka, mzee alimwita kwa nyuma, "Asante, Mama. Wiki ijayo tutakuwa na aljebra."

Habari ikazunguka chuo. Wa kilimo alirudi, safari hii mwili mzima ndani ya masijala, akasema kwamba amewaambia wanachuo mahindi yaliletwa na mafuriko, na hajui kama amesema sawa. Alijua hajasema sawa. Wote walikuwa wameshajua namna ya kumvuta: unakosea mbele yake, kwa makusudi, kisha unasubiri. Mama Dunia alijua kwamba wanajua. Alimtukana yule wa kilimo, akamwita mjinga mbele ya dirisha lililo wazi, kisha akafunga masijala akaenda. Alikwenda kwa wa sayansi, kwa wa muziki, uwanjani kwa wa michezo akiwa na viatu vya ofisi. Dakika kumi hapa, kumi na tano pale, amesimama mlangoni, jina lake halipo kwenye ratiba yoyote. Alifundisha mwaka ule kuliko mwaka wowote mwingine wa maisha yake. Jioni alirudi nyumbani miguu imevimba, na mumewe akimtazama bila kuuliza, yeye akasema, "Walikuwa wanakosea." Mzee aliacha kumshauri.

Mwisho wa mwaka ripoti ya Mratibu ilikuja masijala kama karatasi nyingine zote, ipigwe muhuri, iwekwe kwenye faili. Aliisoma amesimama. Wanachuo walikuwa wamehojiwa kwa mdomo juu ya vipengele vyote kumi na sita, na walijibu vizuri kuliko miaka iliyopita. Hakuna pengo lililoonekana. Utaratibu mpya umethibitisha kwamba somo hilo halihitaji mkufunzi wake. Inapendekezwa liondolewe moja kwa moja. Mwishoni Mratibu alimshukuru Mama, kwa jina kamili, kwa jedwali lililowezesha yote hayo.

Alijichukia, na hakujificha kwamba anajichukia. Alikaa kwenye kiti cha masijala akalia kwa sauti, mkono mdomoni, miaka yake ishirini na saba yote. Angeweza kuwa anarudi darasani kwake Jumatatu. Alitakiwa kufanya jambo moja tu, kunyamaza, jambo ambalo hata jiwe linaliweza.

Alikuwa bado na kamasi puani mlango uliposukumwa. Aliingia mkufunzi wa sayansi, chaki sikioni, ana haraka.

"Mama, wale wa mwaka wa kwanza wameshakaa. Nimewaambia madaktari wa zamani wote walikuwa wananawa mikono."

Mama Dunia alipiga muhuri ripoti, akaitia kwenye faili lake. Akafuta uso kwa kiganja.

"Wewe ni mpumbavu," akamwambia, na akainuka kutafuta chaki.